Kioo cha Bafuni

Siku hizi kila bafu lina kioo kinachompima mtu na kumnong'oneza hali ya mwili wake. Siri hiyo ni ya mwenyewe, hata mke au mume haambiwi mpaka mwenyewe aruhusu.

Kibwana alikuwa akinyoa ndevu kioo kilipomnong'oneza yale yale. "Mbegu zako bado zina kasoro. Ndiyo maana mimba zinashika kisha zinatoka. Dawa ipo, ila haitolewi mpaka mkeo ajue. Nimwambie?"

"Bado," akajibu, kama alivyojibu tangu ilipotoka mimba ya kwanza. Juzi ilikuwa imetoka ya tatu.

Jikoni alimkuta mkewe, Riziki, ameziba pua, anakunywa mizizi michungu aliyochemshiwa na mama mkwe.

"Kioo kinaniambia mimi mzima," Riziki alisema. "Mzima gani, kila mimba inanitoka? Wewe kinakwambiaje?"

"Kinasema sina neno."

"Basi mimi kinanidanganya. Mwite fundi aje akitoe, nimechoka kufarijiwa na kioo." Akafuta midomo kwa upindo wa kanga. "Unisamehe, Kibwana. Mwanamume mwingine angeshaoa mke wa pili."

Kibwana alilijua neno alilopaswa kusema, tena lilikuwa limeshafika ulimini.

"Nimekusamehe," akasema.

Riziki akashusha pumzi, akamshukuru, kisha akajimiminia kikombe cha pili.