Mstari wa Hina

"Kama mkono umerudi, mama aende nyumbani," daktari alisema huku akiandika, macho kwenye karatasi. "Jumatatu aje kumwona daktari bingwa."

Jumatatu! Na leo ni Alhamisi!

Saa moja tu iliyopita shangazi yangu Mwaisha alikuwa ananichora hina. Ghafla mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, koni ya hina ikamponyoka, maneno yakawa hayaeleweki. Baada ya dakika kumi akacheka na kutaka kuendelea kuchora. Mimi nikamtia kwenye bajaji. Mimi, bi harusi wa kesho, nisiyeruhusiwa hata kuchungulia dirishani.

"Lakini daktari, umenisikia?"

"Nimekusikia. Sasa hivi hana kitu. Ni uchovu wa harusi."

"Twende, mwanangu," shangazi akasema. "Tunamsumbua daktari wa watu."

Nikautoa mkono ndani ya buibui, nikauweka juu ya karatasi yake.

Vidoleni kulikuwa na maua madogo, kila jani mahali pake. Shangazi amechora mabibi harusi wa Mikindani kwa miaka thelathini, hajawahi kukosea hata nukta. Kisha, katikati ya ua moja, mstari mnene ulichepuka, ukapita kifundo cha mkono, ukashuka mpaka karibu na kiwiko.

"Huu ndio uchovu?"

Akautazama.

"Hina hii Jumatatu itakuwepo," nikamwambia. "Niandikie kwenye karatasi hii, kwa mkono wako, kwamba na yeye atakuwepo."

Akaikata "Jumatatu" kwenye karatasi, akaandika "leo".