Miezi Mitatu ya Kungoja

Haya nilihadithiwa na Mwatumu binti Mselem mwenyewe, mwaka wa hamsini na saba, tukisuka ukili barazani kwake Ngamiani.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa; ndani mlibaki mlio tu, kama nyenje. Daktari wa Kizungu akampiga picha ya kichwa, kisha akawaeleza yeye na mumewe, Uweso: kuna kijivimbe, kidogo mfano wa choroko, kwenye mshipa wa kusikia. Wakitaka, aende Nairobi akapasuliwe. Sikio halitarudi, na uso huenda ukapinda. Wakitaka, wangoje, chaweza kukaa vilevile miaka, chaweza kukua.

"Ila bila saini ya mume," akasema, "hapasuliwi."

Njiani wakakutana na majirani zao, Shekhe na Haji. Uweso akahamia ubavu wa kushoto wa Mwatumu, akasema neno. Wale wawili wakatazama chini.

"Umesemaje?" Mwatumu akauliza.

"Nimekuombea dua. Binti Mselem, tungoje miezi mitatu."

"Loo! Leo nimekuwa binti Mselem? Asubuhi nilikuwa 'mke wangu'!" Akacheka. "Haya, na tungoje. Nimtegemee nani kama si wewe?"

Basi akangoja. Uweso akahamisha kitanda chake ukumbini, eti kichwa cha mgonjwa kipate utulivu. Samaki hakukosekana, mchele haukukosekana. Na kila mwezi alimwuliza, kwa upole kabisa: "Umeshatoharika?"

"We mwanamume, hedhi na sikio wapi na wapi?"

"Daktari anataka kujua."

Mwatumu akaona anapendwa. Lakini mwezi wa tatu mlio ukazidi, kizunguzungu kikamwingia, akawa hatembei ila kwa kushika ukuta. Siku alipotoharika mara ya tatu, akaswali adhuhuri, akamwendea mumewe.

"Nimekata shauri. Uso upinde, upinde. Kesho twende ukatie saini."

Uweso akamzunguka, akaja kusimama upande wa kulia, ili mkewe amsikie vizuri.

"Saini katafute kwa kaka yako. Siku ile njiani sikuomba dua. Nilikupa talaka, Shekhe na Haji mashahidi, na leo eda yako imekwisha."

Akarudi ukumbini, akajitupa kitandani, na alasiri haijaadhiniwa alikuwa akikoroma.