Kabla Shemeji Hajafuta

Farasi ambaye shemeji yangu alitabiri angeshinda mbio alipofika wa mwisho, kidole gumba cha shemeji, cheusi kwa grisi ya gereji, kilikuwa tayari juu ya ujumbe wake wa asubuhi kwenye kundi letu la mtandaoni.

“Unafuta nini?”

“Herufi zimekosewa tu.”

Herufi! Asubuhi fundi cherehani mmoja alipotaja farasi wake kundini, shemeji alimjibu mbele ya watu wote: “Mama, wewe shona. Farasi tuachie wenye akili.” Na farasi aliyetajwa na yule mama ndiye aliyeshinda.

“Futa,” nikasema. “Nitauandika upya neno kwa neno, na jina lako juu.”

“Shemeji, una roho mbaya.”

“Nina kumbukumbu nzuri.”

Kidole kikahama. Akaanza kumwandikia fundi ujumbe wa kuomba radhi: “Mama,” akakwama, akanitazama.

“Endelea.”