Bega la Kushoto

Dada alisimama mlangoni na ndoo ya maji. "Maiti ya mama inaoshwa na watu wa dini yake, mdogo wangu. Wewe ulishafuata dini ya mumeo."

Miaka mitatu aliyolala mama kitandani amepooza, nilimwogesha mimi kila asubuhi. Hakuna aliyeniuliza nasali wapi. Dada akija kumwona, alikuwa akisimama palepale mlangoni, ameziba pua.

Sasa akaingia na ndoo yake, akafunga mlango. Nikasikia maji yakimwagika, kisha mashangazi waliokuwa ndani wakihangaika.

"Mkono umekataa. Vuta!"

"Msivute!" nikapiga kelele. "Hilo bega la kushoto halinyanyuki. Mlazeni ubavu kwanza!"

Mlango ukafunguka kidogo, dada akachungulia.

"Hebu tuelekeze," alisema. "Ila usivuke kizingiti."