Jalada Bila Doa

Wa kwanza kuondoka alikuwa mbwa wa mwenyekiti.

Musembi alimkwangua kwenye negativu ya picha kwa ncha ya wembe, akianzia mkiani, mpaka palipokuwa na mbwa mweupe pakabaki nyasi tupu. Studio yake ya Kawangware ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, lakini wateja walitoka mbali kumfuata. Kwa Musembi chunusi zilipona bila dawa. Marehemu ambaye picha yake ya pekee ilipigwa akisinzia harusini alifumbuliwa macho kwa penseli, akaingia kwenye tangazo la kifo akiwa macho kabisa.

Leo kazi ilikuwa ya wakubwa. Nyuma yake alisimama Wagaki, katibu wa chama cha warushaji wa ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa juu kwa kamba kisha zinaachiwa upepo. Jarida la wanachama lilikuwa mzigo wake, na picha hizi alizipiga mwenyewe.

"Jalada la mwisho lilikuwa na kidoti juu ya mawingu," alisema. "Mwenyekiti anasema ni ndege. Bibi yake anasema ni nzi. Wanachama wanalitumia kufungia njugu."

"Hili hakuna atakayelifungia njugu," Musembi alisema. "Hapa kuna mtoto wangu."

Mtoto mwenyewe, Kalondu, alikuwa na miaka ishirini na moja. Aliingia pale chamani kufagia banda la ndege. Alifagia miaka miwili, akaosha ndege mwaka mzima, akaanza kuuliza maswali, mpaka mwalimu mmoja akachoka kumjibu akamketisha kiti cha mbele. Jumamosi, saa nne kamili, angepaa peke yake kwa mara ya kwanza, kwa ndege ile ile aliyosimama nayo pichani. Kamati ilikuwa imekubali: akitua, jarida jipya linatoka na yeye mbele.

Wagaki aliweka ukucha juu ya picha ya majaribio. "Na huu mstari mweusi, hapa bawa linaposhikana na mwili? Shivachi, fundi wetu wa ndege, ameniuliza ni nini."

Musembi akacheka. "Madam, huo ni unywele. Umeingia ndani ya kamera. Pengine ni wako."

"Wangu ni wa kununua."

"Basi rudi dukani upunguziwe bei."

"Kwa kweli, Musembi. Nimwambie nini?"

"Mwambie yeye ashike spana, mimi nishike penseli. Unywele wa kamera haujui kama mbele yake kuna ndege au bibi harusi. Unakaa kona yake ile ile, picha ya kwanza mpaka ya mwisho."

Alichonga penseli, akaujaza mstari taratibu, huku ameshikilia pumzi. Bawa likawa jipya. Wagaki alienda zake akitabasamu.

Ijumaa jioni, nyumbani Soweto West, Musembi aliifungua bahasha kwa madaha ya mtu anayefungua zawadi aliyoinunua mwenyewe. Kalondu aliisogeza picha kwenye taa.

"Baba, huyu ni nani?"

"Si ni wewe."

"Kovu langu liko wapi?"

"Nimelitoa. Jalada ni kama harusi, mtu huoga kwanza."

Kalondu hakucheka. Kovu lilitoka kwenye sikio mpaka kidevuni, na wote wawili walijua bati lililomkata na asubuhi walipobomolewa nyumba.

"Lilinipata nikiwa huku chini," alisema. "Kesho nikienda juu, linaenda na mimi. Lirudishe."

"Wembe haurudishi, mama."

"Filamu ina picha ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Umeharibu moja. Zimebaki kumi na moja, fundi."

Musembi alikuna kichwa. Ubishi huo ulikuwa wa marehemu mama yake Kalondu, neno kwa neno. "Haya. Ukishuka, utapata uso wako wote."

Kabla ya mapambazuko Kalondu aliondoka na gari la chama kwenda uwanjani, huko nyuma ya vilima ambako hata nguzo ya simu haijafika. Musembi aliwahi Kawangware akipiga mluzi. Wateja walikuwa wengi, akina mama na vitoto vya ubatizo, akawamaliza mmoja mmoja. Kisha alifunga mlango, akawasha taa chini ya kioo, akaitandaza filamu. Mpaka sasa alikuwa ameitazama picha moja tu, ile aliyoichagua Wagaki.

Ya pili, Kalondu amefumba macho. Ya tatu, mbwa tena. Ya nne ilikuwa nzuri: anacheka, kovu lote liko wazi, linang'aa. "Haya basi, mkaidi," Musembi alisema, akachukua penseli. Alianza na unywele, kazi rahisi. Akautafuta kwenye kona yake, juu kulia.

Haukuwapo.

Aliupata kushoto.

Akachukua lenzi. Kwenye ya tano Wagaki alikuwa amesogea nyuma. Unywele ulikuwa katikati, umekuwa mfupi. Kwenye ya sita alikuwa amechuchumaa, unywele umeinama. Ya saba. Ya nane. Kila bawa lilipohamia, nao ulihamia, pale pale linaposhikana na mwili.

Alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, na penseli ilikuwa bado mkononi.