Siku Zilizomo Kwenye Ukili

"Bibi, mwaka huu maradhi yamekuzuia kazi siku ngapi?" aliuliza karani wa takwimu za afya.

"Hata moja, mwanangu. Tunamshukuru Mungu," alijibu Bi Mize, msuka mikeka.

Karani aliandika sifuri, lakini macho yake yakabaki kwenye vidole vya bibi, vilivyopinda kama tangawizi.

"Ukisuka, haviumi?"

"Hee! Nikisema vinauma, serikali itaniletea vingine?"

"Haitaleta, bibi. Ila ukinyamaza, maumivu yako hayatahesabiwa popote."

Bi Mize alimtazama kidogo. Kisha akauvuta ukili, utepe mrefu wa kushonea mkeka, aliousuka tangu mfungo uliopita, akaanza kuukunjua sakafuni. Kila msuko ulipolegea, ndipo siku ambayo vidole viligoma.

"Basi hesabu hapa," alisema taratibu.

Karani alifuta sifuri, akapiga magoti. Ukili ulishafika mlangoni, na bibi alikuwa bado anaukunjua.