Mwanafunzi wa Fundi Kisirani

Spana ilimtoka Fundi Kisirani mkononi, ikamwangukia kidole cha mguu. Wala hakulia. Alikuwa anamkodolea macho mwanafunzi aliyesimama mlangoni mwa gereji, kucha safi, ovaroli mpya bado ina mikunjo ya dukani.

"Huyu?" akamuuliza mwalimu aliyemleta.

"Huyu huyu. Wenzake wameshapata pa kujifunzia kazi, wengine benki, wengine duka la dawa. Huyu kang'ang'ania pikipiki. Au unakimbia ahadi?"

Ahadi ilikuwepo, tena mbele ya mashahidi. Fundi aliacha shule hata ndevu hazijamwota, na mwalimu kila akileta pikipiki yake kutengenezwa alikuwa hamwachi apumue: rudi shule, darasa la jioni lipo. Siku moja Fundi akachoka, akaropoka: niletee mwanafunzi mmoja, akimaliza wiki hapa bila kukimbia, nami nikasema kafaa, basi nakuja darasani. Alijua anachosema. Wanafunzi grisi ikiwagusa shati tu, wanaaga.

"Mimi matapishi yangu sili," alisema. "Ingia. Lakini humu bosi ni mimi."

"Ndiyo, bosi," mwanafunzi akajibu. Midomo ilimtetemeka kidogo kwa kicheko.

Kazi ya kwanza: minyororo iliyoganda tope na mafuta machafu. Mwanafunzi akaisugua mpaka ikang'aa, huku anaimba. Fundi akammwagia ndoo ya nati zilizochanganyika, azipange. Akazipanga, halafu akafagia na gereji, kona ambazo ufagio ulikuwa hauzijui.

Fundi akaona isiwe taabu. Akampa pikipiki iliyozimika aisukume mpaka kituo cha mafuta, kule juu ya kilima. Yeye akasimama kivulini, mikono kifuani, anangoja kusikia "nimeshindwa". Hajafika hata nusu ya kilima, Fundi huyo, mbio! Akampokonya usukani, akaisukuma mwenyewe huku anatukana hewa.

Muuza matairi wa jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Bosi gani wewe, unamsukumia mwanafunzi?"

"Funga bakuli lako!"

Mchana mwanafunzi alifunua chakula alichokuja nacho, akakisogeza. "Kula kwanza, bosi. Njaa ikikushika unakuwa kama nyigu."

Fundi alikula amenuna. Akamaliza, akalamba na kifuniko.

Wiki ikakatika hivyo, na mtu hakukimbia. Ijumaa ikaja pikipiki moja sugu. Fundi aliipiga kiki mpaka ovaroli ikamgandia mgongoni. Kimya. Mwanafunzi akainama, akachungulia, akakuta waya wa plagi umelegea. Akausukumia ndani.

"Hii si mbovu, bosi. Inadeka tu. Unaibembeleza mno."

Akaipiga kiki moja ya hasira. Pikipiki ikanguruma, mtaa mzima ukageuka.

Mwalimu akafika injini bado ya moto. "Haya, bwana. Kafaa au hajafaa?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Fundi angesema hajafaa, nani angembishia? Bosi ni yeye. Akaliwaza lile darasa: kuitwa mbele ya ubao, herufi zinamkimbia, watu wanaziba midomo wasicheke. Akamtazama mwanafunzi. Grisi hadi kwenye nyusi, kucha nyeusi tititi, na meno yote nje kwa furaha.

Akapiga tairi teke.

"Kafaa," alisema. "Tena kanishinda mimi nilivyoanza. Andika hivyo hivyo."

Muuza matairi akapiga mluzi. Mwalimu akampa mkono. "Basi Jumatatu jioni, darasani."

"Nitakuja." Sauti ikamshuka. "Lakini mwalimu, nitakaa na nani pale? Si watanicheka?"

"Utakaa na mimi, dawati moja," mwanafunzi akasema. Akatoa leso, akaitia mate, akaanza kumfuta bosi wake grisi puani. "Na tulia nikufute! Tangu nikuachishe ziwa hujawahi kunisikiliza, labda mwalimu wako utamsikiliza."